Mahari Yenye Mkia

Leo nimeadhirika, jamani. Nimeadhirika mchana kweupe, kwenye maegesho ya magari, nimekaa chini kwenye lami, nimekumbatia mbwa, nalia.

Nawaandikia mwenyewe kabla Mama Furaha hajawafikia. Mama Furaha wa Bukavu alikuwepo. Aliona mwanzo, akaona na mwisho (katikati hakuiona, na katikati ndiyo yenye kunitetea). Kwa hiyo Elizabeti, Bi Tausi na Mama Ndayizeye, someni hii kwanza. Naandika kwenye kompyuta ya mwanangu Masanja, kwa kidole kimoja, na laini ya simu nimeikalia. Masanja anapitapita nyuma yangu anakohoa, anataka kupiga simu. Na asubiri. Mimi nilimsubiri miezi tisa.

Mnamjua Limi, binti wa kwanza wa Masanja. Amepata mchumba. Kijana anaitwa Danieli, Mmarekani wa huko Ayowa, kwa wakulima. Walikutana chuoni hapa Toronto. Kijana mzuri, anakula ugali wangu bila kuuliza maswali. Shida yangu ilikuwa posa. Danieli alimposa Limi kwa kupiga goti mgahawani.

Nikamuuliza Limi, "Nani alikuwepo?"

"Mimi na yeye, Bibi."

"Shahidi?"

Akafikiri. "Mhudumu."

Mhudumu! Mjukuu wa marehemu mume wangu Shija, aliyetoa ng'ombe kwa ajili yangu mpaka zizi la baba yake likabaki na mbuzi mmoja kilema, anaposwa mbele ya mtu anayesubiri kuondoa sahani!

Na kule Shinyanga yupo shemeji yangu Luhende, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Hupiga simu kutoka posta, na kwa kuwa simu ni ghali, huuliza neno moja tu: "Wameleta?" Nami hujibu neno moja: "Bado." Anakata. Tumeongea hivyo tangu mvua za kule zianze mpaka zikaisha. Mara ya mwisho akajilazimisha kuongeza maneno: "Basi hiyo si ndoa, shemeji. Hayo ni mazungumzo. Ukoo hauwezi kubariki mazungumzo."

Limi hamjui Luhende, hajui hata zizi linanukaje. Lakini mimi najua maana ya binti kwenda kwa mume bila ukoo wake kumsindikiza. Anaenda kama mzigo ulioachwa kituoni.

Sasa, wiki hii wazazi wa Danieli wamekuja. Hawakupanda ndege. Wamekuja na gari lao kutoka Ayowa, wakipita jimbo kwa jimbo, wanatazama nchi, wanalala njiani. Mzee anaitwa Walta, mkewe anaitwa Doroti. Na wamekuja na mbwa. Mbwa anaitwa Otisi. Ni mkubwa, rangi ya asali, usoni ana mvi.

Masanja na mkewe Rahabu leo walikuwa kazini (kiwanda hakijui wakwe). Masanja akaniambia asubuhi, "Mama, leo wewe ndiye mwenyeji. Watembeze mjini. Limi na Danieli watakuwepo. Usiwe na wasiwasi."

Wasiwasi wa nini? Nikavaa kitenge changu cha Krismasi. Nikakaanga sambusa. Nikatia kwenye mkoba kitenge kingine kipya, cha bluu, chenye ndege, ambacho nilikuwa nimekificha kwa ajili ya kuzikiwa. Moyo uliniambia: Kabula, huwezi kujua. Wakwe wakija mara ya kwanza hawaji mikono mitupu.

Tukakutana chini ya ule mnara mrefu wa mjini, ule unaoonekana hata kutoka dirishani kwetu, mtaa wa Dixon. Nikainamisha macho, kama inavyopasa mbele ya mkwe. Nikanyoosha mkono kwa adabu. Mzee Walta akaupita mkono akanikumbatia! Mkwe! Mwanaume! Kanikumbatia mpaka miwani yangu ikapanda kwenye paji la uso. Nikakauka kama nguzo ya simu. Bi Doroti naye akaja, akanikumbatia na mbwa akiwa katikati.

Nikamnong'oneza Limi, "Hawa watu hawana miiko?"

Limi akacheka. Limi anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza changu ni cha kununulia maziwa. Basi tunaelewana hivyohivyo.

Bi Doroti akatoa picha. Wana kamera ile inayotema picha papo hapo. Jamani, kila mahali walipopita njiani walikuwa wamempiga picha Otisi! Otisi mbele ya sanamu ya ng'ombe, kubwa kama ghorofa. Otisi mbele ya hindi la saruji. Otisi kwenye daraja. Otisi kando ya ziwa, masikio yanapepea. Otisi kwenye mpaka, amekaa wima kama mtu mwenye pasipoti. Katika picha zote hizo mzee Walta yumo kwenye picha moja tu, tena ni kiwiko chake.

Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka mara ya kwanza.

Kwa sababu kwetu, ng'ombe wa mahari wanapoletwa kwa miguu, wachungaji husimulia njia nzima. Tulilala kwa fulani, tulinywesha kisima fulani, mtoni tulivukia pale. Ili mjue mnyama amefika kwa heshima na hakuokotwa jirani. Nikatazama zile picha moja baada ya nyingine. Nikasema kimoyomoyo: hii si njia ya mnyama inasimuliwa hapa?

Lakini nikamrudishia Bi Doroti picha zake. Sina pupa.

Limi akasema twende juu ya mnara. Nikakataa. Mungu akitaka niende juu atanichukua mwenyewe, hana haja ya lifti. Basi Limi na Danieli wakaenda kupanga foleni ya tiketi. Tukabaki sisi wazee, mimi, Walta na Doroti. Na Otisi.

Sasa sikilizeni vizuri, halafu mniambie mngefikiri nini.

Mzee Walta alivua kofia. Akashika ile kamba ya mbwa kwa mikono miwili. Akaiweka mikononi mwangu, nayo miwili. Akaweka mkono kifuani, akaanza kuhutubia. Alihutubia kirefu! Sikushika neno ila "Otisi" na "mzee" na "tafadhali". Machozi yalimlengalenga. Bi Doroti akaleta mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na blanketi, bakuli, chanuo, dawa na kidubwasha cha kutafuna. Akanionyesha kimoja kimoja, akavirudisha, akanikabidhi. Kisha akamwinamia mbwa, akambusu kwenye paji la uso kama anayeaga.

Mngefikiri nini?

Mtu anayekuachia mnyama amrudie baada ya muda mfupi, anakupa na blanketi?

Nikajua: wameleta.

Wameleta, jamani! Kwa njia yao, kwa mali yao, lakini wameleta. Mbele ya watu, kwa mikono miwili, kwa hotuba. Nikasikia joto linapanda kutoka miguuni. Nikapiga kigelegele. Sikukipima, kikatoka chote. Njiwa wote wa uwanja ule wakaruka. Kijana mmoja aliyekuwa anapiga gitaa la kuombea hela akaacha kupiga, akatutazama, akapiga makofi.

Na kwa kuwa chombo cha mkwe hakirudi kitupu, nikafungua mkoba, nikatoa kile kitenge cha bluu cha ndege. Nikamfunga Bi Doroti mabegani. Akashika mdomo. Akanikumbatia tena (sasa nilishaanza kuzoea). Wakaondoka kuelekea mnarani, yeye na kitenge chake, wanageuka nyuma wanapunga mkono. Nami napunga. Otisi akalia kidogo.

Nikamwambia, "Nyamaza, baba. Umefika kwenu."

Tulipobaki wawili nikamkagua. Mnyama wa mahari hukaguliwa, si dharau hiyo. Nikamketisha kando ya benchi, nikamfunua midomo. Meno yameisha. Nikasema, mh! Wametoa mzee. Nikanyanyua miguu mmoja mmoja. Mzima, ila mmoja wa nyuma anauvuta. Nikainua mkia, nikachungulia.

Maksai!

Hapo nilinuna kidogo, siwafichi. Binti amesoma chuo, unaleta maksai? Nikanuna, nikamtazama. Naye akanitazama. Akaweka kichwa chake chote, kizito, juu ya goti langu, akashusha pumzi kama mtu aliyetoka mbali. Nikaona zile mvi za usoni. Nikasema, haya, mzee mwenzangu. Wewe huna meno, mimi ninayo machache. Tutakula ndizi.

Hapo ndipo alipotokea Mama Furaha. Anasafisha hoteli moja karibu na pale, alikuwa ametoka kazini.

"Bibi Kabula! Uko unafanya nini na imbwa?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Na hii imbwa ni ya nani?"

"Ni yetu," nikasema. Nilijinyoosha mgongo. "Wakwe wa Limi wameleta."

"Wakwe wanaletaka imbwa? Mon Dieu! Kwetu wanatoaka ngombe!"

"Kwenu ni kwenu. Kila watu na mali yao. Hujaona wazungu wanavyolala nao kitanda kimoja? Mtu akikupa anayelala naye kitandani, amekupa nini tena? Amebakiza roho tu."

Mama Furaha akafikiri. "C'est vrai," akasema, yaani ni kweli. Kisha akamtazama Otisi. "Lakini huyu amezeeka."

"Ndiyo heshima yenyewe."

Akaenda zake, anageukageuka. (Huo ndio mwanzo aliouona. Kumbukeni.)

Wakateremka mnarani, tukapanda kivuko kwenda visiwani. Jamani, nilikuwa mwenye furaha! Kamba mkononi, Otisi ubavuni. Watoto wanakuja kuomba kumshika, nawaruhusu, kwa sababu ni wangu. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa anatupia bata mkate akauliza jina lake. "Otisi," nikasema. "Wa kwetu." Limi na Danieli walikuwa mbele wameshikana mikono, hawana habari na dunia. Wakwe wangu walikuwa nyuma wanatupiga picha, mimi na Otisi. Nikajua wanamalizia njia: na hapa amekabidhiwa.

Tukakaa majanini, tukala. Nikawa nampa Otisi sambusa. Bi Doroti akatikisa kichwa, anapunga kidole, anaonyesha tumbo. Nikaona ni heshima, anasema usijisumbue, mkwe, usimlishe chakula cha watu. Nikamwashiria: hapana, kwetu hapati shida. Nikampa nyingine. Mzee Walta akacheka mpaka akakohoa. Yaani siku nzima hakuna aliyegombana, hakuna mvua, na mimi kichwani natayarisha neno moja la kumwambia Luhende. "Wameleta." Nililifanyia mazoezi. Nililisema kwa sauti nzito. Nikalisema kwa sauti ya kawaida kama kwamba si kitu.

Nikawaza na pa kumlaza. Ghorofa letu lina mwenye nyumba mkali, anaitwa bwana Petrosi. Nikasema nitamwambia huyu si mbwa, huyu ni mahari. Atanielewa, ana mabinti.

Tukarudi. Tukafika kwenye maegesho, kwenye gari la wakwe. Walikuwa wanakwenda kuangalia maporomoko ya Niagara, walale huko, warudi Jumapili kula kwetu. Limi na Danieli wakasema tusubiri kidogo, wakaenda kununua malai, yaani aiskrimu. (Hawa watoto! Kila jambo kubwa likitokea wao wako kwenye foleni.)

Bi Doroti akafungua mlango wa nyuma. Akatandika blanketi. Blanketi la Otisi! Alikuwa ameutoa mfuko mabegani mwangu taratibu, nikadhani ananipumzisha. Kisha mzee Walta akaja kwangu, anatabasamu, akashika kamba.

Nami nikashika kamba.

Akavuta kidogo. Nikavuta kidogo.

Akasema "asante". Hilo nalijua. Akavuta tena.

Jamani! Nyie mliotoka kwenye nchi za ng'ombe mnajua. Mnyama wa mahari akichukuliwa na waliomleta, maana yake ni moja tu. Hakuna maana ya pili. Wanavunja uchumba. Wamemkataa binti.

Nikatafuta haraka kichwani: tumekosa nini? Nikaona wazi. Waliniona! Walikuwa juu ya mnara, wana zile darubini za kutia senti, waliniona namfunua meno na kuinua mkia! Wamesema, huyu bibi anadharau mali yetu. Au ni sambusa? Nilimtia pilipili mnyama wa watu? Limi wangu, Limi anayejibu Kiingereza, anakwenda kuachwa akiwa kwenye foleni ya malai kwa ajili ya ukaguzi wangu!

Nikashika kamba kwa mikono yote miwili. "Hapana," nikasema. "No!"

Mzee Walta akacheka, akadhani utani. Akavuta. Otisi naye akaanza kwenda kwake. Nikakaa chini. Chini kabisa, kwenye lami, kitenge cha Krismasi na yote, nikamkumbatia Otisi shingoni, nikafunga macho.

"Mtoto wetu kakosa nini?" nikalia. "Semeni! Kama ni kosa ni langu! Msimrudishe mtoto, nirudisheni mimi!"

Watu wakaanza kusimama. Mlinzi wa maegesho akaja na redio yake. Yule kijana wa gitaa akaja pia (huyu hana kwao?). Bi Doroti alipoona nalia, naye akaanza kulia, hajui kwa nini, akakaa chini pembeni yangu na kitenge changu mabegani. Tukalia wawili. Otisi akawa anatulamba kwa zamu, anapeleka huku, anarudisha huku. Mzee Walta kasimama kashika ncha ya kamba, kofia mkononi, uso umekuwa mwekundu kama nyanya ya makopo.

Na katikati ya miguu ya watu nikaona viatu ninavyovijua. Mama Furaha! Alikuwa anarudi kuchukua mwavuli aliousahau kazini.

"Bibi Kabula! Wanakunyanganya imbwa?"

"Wanavunja, Mama Furaha! Wanavunja!"

"Kamata! Usiachie!" Na yeye akashika kamba!

Limi akatokea mbio, malai yanamtiririka mpaka kiwiko. Na Limi, jamani, ambaye tangu ana meno ya utoto hajanijibu Kiswahili, leo Kiswahili kilimtoka chenyewe.

"Bibi! Bibi! Wewe nafanya nini chini?"

"Wanamchukua, Limi. Wanachukua mahari yako."

"Mahari gani?"

Nikamwonyesha Otisi.

Alimtazama Otisi. Akamtazama mzee Walta. Akanitazama mimi. Nikaona jambo linamfikia polepole, kama mtu anayesikia harufu ya chakula kinachoungua na bado hajajua ni jikoni kwake.

"Bibi," akasema, "walikupa ushikie tu. Mnara hapana ruhusu mbwa."

Mlinzi akazima redio yake. Mama Furaha akaachia kamba kidole kimoja kimoja, kama mtu ambaye hakuwa ameishika.

Ushikie tu!

Nikakumbuka kigelegele. Nikakumbuka njiwa. Nikakumbuka "ni yetu" na "ndiyo heshima yenyewe". Nikakumbuka nimechungulia chini ya mkia wa mbwa wa watu, mchana, mbele ya watalii. Nilitamani lami ifunguke, na kwa kuwa nilikuwa nimeshakaa juu yake, safari ingekuwa fupi.

"Na blanketi je?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Anasikia baridi, Bibi. Amezeeka."

"Na hotuba?"

Limi akamuuliza mzee Walta. Akajibu taratibu. Limi akasema, "Alisema hajawahi kumwacha na mtu. Alisema anaogopa filimbi, na mguu unamuuma, tafadhali umshike vizuri."

Basi. Ndiyo hotuba niliyoipigia kigelegele.

Bi Doroti akasikia na habari ya kitenge. Kumbe yeye alidhani nimemfunga kwa ajili ya upepo wa juu! Akaanza kukifungua anirudishie, machozi bado yako mashavuni. Nikamshika mkono. Hapana. Hicho ni chako. Nikizikwa bila ndege nitazikwa tu.

Danieli ndiye aliyewaeleza wazazi wake mengine yote. Sikujua kama anajua. Kumbe siku zile anakula ugali bila kuuliza, Limi alikuwa anamhadithia. Akawaeleza ng'ombe, akawaeleza Luhende, akawaeleza neno moja la simu. Mzee Walta alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilingoja acheke. Ningekuwa mimi ningecheka.

Hakucheka. Alikunja magoti yake (nayo yanalia, niliyasikia), akakaa kwenye lami mbele yangu. Mkwe na mkwe, chini, kama watoto wanaocheza mdako. Akasema jambo. Limi akatafsiri.

"Anasema samahani. Anasema hawezi kukupa Otisi. Lakini anafuga ng'ombe, Bibi. Anauliza kama ng'ombe itafaa."

Kama itafaa!

Nikafuta macho kwa ncha ya kilemba. Nikajikusanya. Biashara ni biashara, hata ukiwa umekaa chini. Nikamwambia Limi, "Muulize yupi."

Mzee Walta hakusita. "Gladis," akasema. Mtamba, mweusi na mweupe.

"Muulize mama yake nani."

"Pola."

"Na bibi yake?"

"Irini," akasema, na akaendelea bila kuulizwa: Irini alikuwa mkorofi, alimvunja kidole baba wa mzee Walta, na mama yake Irini alikuwa Beti, alinunuliwa kwa jirani mwenye jicho moja, anaitwa Haroldi. Alikuwa anataja huku anatazama mbali, kama anawaona wanapita mmoja mmoja.

Nikamtazama yule mzee usoni. Ndiyo, usoni, mkwe wangu, miiko nayo ilikuwa imeshachoka. Nikasema, huyu ni mtu. Anayejua ng'ombe wake mpaka kwa bibi zao, mjukuu wangu atapotea kwake? Nami nikamtajia wa baba yangu: Madoa, Shilingi, na Kiangazi aliyekuwa anafungua mlango wa zizi kwa pembe. Limi akawa anatafsiri. Katikati akaacha kutafsiri. "Bibi," akasema, "hujawahi kuniambia hawa." Nikamwambia hujawahi kuniuliza. Akaketi na yeye.

Yule kijana wa gitaa akauliza kama anaweza kupiga kitu. Akapiga. Mama Furaha akapiga kigelegele, naye bila kupima. (Huo ndio mwisho aliouona. Kwa hiyo akiwaambia aliniona chini, muulizeni na yeye alikuwa wapi, na kamba aliishika nani.)

Tulikubaliana Gladis abaki kulekule Ayowa, kwenye malisho yake. Hata kwetu mtu huweka ng'ombe wake kwa mwenzake amchungie. Maziwa anywe mzee Walta, ndama ni wetu. Bi Doroti ameahidi kumpiga picha kila mwezi. Wakatuinua kutoka chini, wazee wote watatu, kwa shida, mlinzi akisaidia.

Otisi akapandishwa kwenye gari, juu ya blanketi lake. Gari lilipoondoka alitoa kichwa dirishani, akanitazama mpaka kona. Nilimwambia Limi ni moshi ulioniingia machoni. Jumapili anarudi. Nimemwekea nyama isiyo na pilipili.

Luhende akipiga, nitamjibu kwa neno jipya. Atauliza, "Wameleta?" Nitasema, "Ng'ombe." Nasikia atakavyopumua. Halafu itambidi alipie maneno mengine mawili: "Yuko wapi?" Nitasema, "Ayowa." Hapo nadhani simu itakatika yenyewe.

Masanja amekohoa tena, namwachia laini yake. Na Jumapili kanisani nikiingia msinitazame halafu mkainama kutafuta kitu chini ya benchi. Nawajua. Wewe Mama Furaha, maana najua watakusomea hii, ukishindwa kabisa kujizuia, cheka. Lakini ujue unamcheka mwenye ng'ombe.